Taa Yenye Anwani Yetu

Wiki iliyopita binti yangu alitimiza miaka saba, na kwa kuwa nyumba ya bibi yake ndiyo yenye meza ya kutosha watu, keki tulikwenda kuikatia kule Saltley, Birmingham. Akapuliza mishumaa kwa pumzi moja, watu wakapiga makofi, na ule moshi mwembamba wa tambi zilizozimwa ukapita juu ya vichwa vyetu. Nilimtazama mama yangu kabla moshi haujamfikia, maana nilijua. Alikunja uso kidogo, akaweka kisahani mezani, akasema anaenda kupunga hewa, kisha akatoka kwa mlango wa mbele. Shemeji yangu akasema labda ni joto la jikoni. Mimi nikaendelea kukata keki.

Ninyi wenzangu mliokulia nchi za watu mnaijua kazi niliyokuwa nayo utotoni, maana wengi wenu mliifanya. Mtoto hushika lugha ya wenyeji upesi kuliko wazazi wake, na kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto ameshakuwa mkalimani wa ukoo mzima. Nilitafsiri kwa daktari, kwa fundi wa boila, kwa watu wa ofisi ya nyumba. Nilitafsiri hata kwa mwalimu wangu mwenyewe siku mama alipoitwa kusomewa makosa yangu, na hapo, nisiwadanganye, makosa yalipungua sana njiani. Hakuna aliyenifundisha. Neno liliingia kwa Kiingereza, likatoka kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, Kongo, na lile nisilolijua nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Neno nililolitafsiri kuliko yote lilikuwa moja. Kila ofisi tuliyoingia waliuliza mama ana watoto wangapi, na mama kila mara alijibu vilevile: "Babili. Moja njo huyu. Moja alipotea." Nami nilimwambia aliyekaa nyuma ya meza: mmoja ni mimi, na mwingine "is lost". Basi mtu yule, awe nani, aliinamisha kichwa upande, sauti ikashuka, akasema pole, pole sana. Wengine walimshika mama mkono. Nilikuwa nikijisemea moyoni kwamba Waingereza wana huruma ya ajabu, kumhurumia hivyo mtu aliyepotea njia tu.

Aliyepotea ni kaka yangu Mugisho. Simkumbuki. Siku walipokimbia mji mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, na yeye, mvulana wa miaka kumi na miwili, alikuwa nyuma yetu amejitwika sufuria yenye maharagwe ambayo hayajaiva. Walipofika kwenye daraja risasi zikalia, watu wakasukumana, na mama alipogeuka hakumwona tena, wala yeye wala sufuria. Walimtafuta upande huu na upande ule wa mpaka. Walimtafutisha kwa redio, kwa makanisa, kwa kila aliyerudi kule. Hakuna aliyesema amemwona hai, na hakuna aliyesema ameona maiti. Mama alikuwa na msemo wake: mtoto mwenye sufuria hafi njaa. Nilikua nikiamini ni methali ya Waswahili wote, mpaka siku moja, msichana mkubwa tayari, nilipoisema mbele ya watu wakanikodolea macho.

Hatukuweka matanga. Baba alitaka. Hakulisema waziwazi, ila kila mwaka ilipofika miezi ile ya kukimbia alikuwa akikonda. Mchungaji wetu aliwahi kuja nyumbani kugusia habari ya ibada ya kumkumbuka kijana. Mama alimpa chai, akamwekea sukari, akasubiri anywe funda la kwanza, ndipo akamuuliza nani alimwonyesha maiti. Mchungaji alimaliza chai yake akaongelea hali ya hewa.

Na jina la mama lilikuwa Mama Mugisho. Kanisani, barabarani, jikoni, hata baba alipokuwa na hasira, lilikuwa ni hilo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa kabatini, anaitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Sitaficha kwamba liliniuma. Mimi ndiye niliyeosha vyombo, mimi ndiye niliyekwenda naye hospitali, na jina likawa la mvulana mwenye sufuria. Nilipokuwa nimekasirika nilimwita mama kwa jina langu, chini ya blanketi, Mama Furaha, Mama Furaha, nione lingesikikaje.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Ben, maana bila yeye tusingefika kwenye yale maji nitakayowasimulia. Alikuwa Mhindi wa Kisumu mwenye duka karibu na kwetu, duka la vitambaa mbele na unga, dengu na mihogo nyuma. Siku ya kwanza tulipoingia, mteja mmoja alikuwa akimwita kutoka nyuma ya magunia: "Kokilaben! Kokilaben!" Mama alishika mkia wa jina. Alifurahi kupata mtu wa kusema naye Kiswahili kiasi kwamba hakungoja kutambulishwa, akamsalimia kwa heshima kama inavyotakiwa: "Jambo, Mama Ben." Mwanamke yule aliacha kupima dengu, akamtazama mama kwa muda, kisha akaitika. Tangu hapo akawa Mama Ben kwetu sote. Huyo Ben hatukumwona hata siku moja, na mama akatupatia sababu mwenyewe: bila shaka anafanya kazi London. Bwana wa Mama Ben tulimjua, mzee mpole aliyekaa karibu na mlango akisoma magazeti. Alifariki majira ya baridi ya mwaka ule, na mama alikwenda kukaa na mjane kutwa nzima, akalia naye kama ndugu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi kilichofuata, Ijumaa, tukiwa dukani, Mama Ben aliposema, "Kesho kuna sherehe ya Wajapani kule upande wa Moseley. Wanaweka taa juu ya maji. Mimi naenda. Gari iko na nafasi, mkuje wote."

"Bajaponais banafanya nini huku?" mama akauliza.

"Kwani sisi tunafanya nini huku?"

Mama alicheka, na kwa kuwa mama alikuwa hacheki ovyo, baba alikubali palepale.

Jumamosi alasiri tukaondoka. Gari la Mama Ben lilinukia bizari na mafuta ya nywele, na viti vyake vilifunikwa plastiki iliyonata kwenye mapaja. Tulipofika Moseley nyumba zikawa kubwa, zenye madirisha yanayotokeza nje na miti mbele, nami nikaona tumeshafika Japani. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Bustani ilikuwa nyuma ya majumba hayo, na katikati yake ziwa dogo, maji ya kijani yametulia. Kulikuwa na ngoma kubwa iliyopigwa na wasichana kwa magongo, na watoto wa Kizungu waliovaa kanzu za maua zilizowazidi. Baba alininunulia tonge la wali lililofungwa karatasi nyeusi. Nikaimenya karatasi nikaitupa, muuzaji akacheka mpaka akajishika kiuno, akanieleza kwamba ile si karatasi, ni mwani, na huliwa. Mama naye alionja, akatoa hukumu kwamba wali ni wali, ila hawa hawajui chumvi. Sijui kama niliwahi kuwaona wazazi wangu wakitembea wameshikana mikono kabla ya hapo.

Karibu na maji palikuwa na meza ndefu zilizojaa taa. Zilikuwa vijisanduku vya karatasi nyeupe juu ya kipande cha ubao, na ndani ya kila kimoja mshumaa mfupi katika kikombe cha bati. Watu walikuwa wakiandika juu ya karatasi kwa brashi na wino, kimyakimya, kama walio kwenye mtihani. Juu ya meza walitundika kibao. Mama akanigusa bega kama alivyofanya kila penye maandishi.

"Furaha, banasema nini pale?"

Nikasoma. Kiliandikwa kwamba taa zile ni za wapendwa wetu ambao "we have lost". Nikamwambia, "Banasema ni ya batu balipotea."

Sikukosea. Niliulizwa neno nikalitoa, neno lile lile ambalo ofisi zote za Birmingham zililipokea kwangu bila kunisahihisha. Ile "missing", neno lao la aliyepotea asionekane, nilikuja kukutana nayo baadaye sana, kwenye karatasi iliyobandikwa nguzo ya taa mtaani kwetu, ya paka wa mtu, paka mwenye doa sikioni. Nilisimama mbele ya paka yule nikaisoma karatasi yake hadi mwisho, kisha nikairudia. Lakini siku ile ya Wajapani nilikuwa na neno moja tu la kazi hiyo.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Balipotea? Kama Mugisho?"

"Njo vile banaandika."

"Uliza ule mama. Uliza taa inafanya nini."

Nyuma ya meza alikaa mwanamke mzee wa Kijapani, nywele nyeupe, kanzu ya bluu na mkanda mpana. Nikamuuliza taa inafanya nini. Alinijibu taratibu, kwa Kiingereza kilichopangwa neno baada ya neno, kwamba taa zinawamulikia njia ili wafike nyumbani. Nilimtafsiria mama hilo pia, na hilo pia lilikuwa sawa kabisa.

Natamani mngeuona uso wake. Mwanamke aliyesumbua redio, makanisa na ofisi za nchi tatu, leo amewakuta watu wenye dawa ya jambo lake hasa, watu walioona kwamba aliyepotea anahitaji taa. Akasema, "Ona sasa, Baba Mugisho! Bajaponais bana akili." Baba alikuwa amesimama mbele ya kibao, mikono mfukoni. Baba yangu alikuwa mwalimu kabla ya vita, na Kiingereza alikisoma vizuri kuliko alivyokisema. Nilimwona akisoma, midomo ikitembea, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikadhani anajifunza.

Mama alichukua brashi mwenyewe. Aliandika MUGISHO kwa herufi kubwa, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, wino ukichuruzika kidogo kwenye O. Kisha akanipa brashi. "Sasa andika adresse."

"Adresse gani?"

"Yetu! Mutu atafika namna gani kama hajue nyumba?"

Nikaandika. Namba ya nyumba, jina la barabara, Saltley, Birmingham, mpaka zile herufi na tarakimu za posta, maana mwalimu wetu alitufundisha kwamba bila hizo barua haifiki. Karatasi ikajaa pande tatu. Yule mwanamke wa Kijapani alisoma tulichoandika, akanitazama mimi, akamtazama mama, akafungua kinywa kusema jambo. Nadhani alijua. Lakini mama alikuwa akitabasamu, akimshukuru kwa Kiswahili, Kifaransa na yale maneno yake mawili ya Kiingereza, na mzee yule akafumba kinywa, akainama mbele yetu mpaka nikaona kisogo chake, akawasha mshumaa.

Jua lilikuwa linazama tulipopanga foleni ukingoni. Mama alishika taa upande mmoja, baba akashika upande mwingine, mkono wangu ukawekwa katikati. Tukachuchumaa, tukaishusha, ikatikisika kisha ikakaa. Baba aliisukuma kwa vidole viwili, akasema polepole, "Enda, mwana wangu. Enda."

Mama akageuka. "Unasema enda? Sema kuya."

Baba aliendelea kutazama maji. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mimi, kwa akili zangu zote za ukalimani, nikadhani anasikia baridi. Nilitaka hata kumwambia afunge koti. Mama alimwacha, akainamia maji na kuisemesha taa mwenyewe, "Kuya. Kuya, Mugisho. Kuya," kwa ile sauti ya kumwita mtoto aliyechelewa kucheza nje. Taa ikaondoka, ikajiunga na zingine, na upepo mdogo ukaanza kuzipeleka zote kati. Kwa kweli zilipendeza. Ziwa zima lilijaa vijumba vyenye mwanga.

Ndipo Mama Ben akaja na taa yake, ameiandika kwa herufi za Kigujarati zilizoning'inia kama nguo kwenye kamba. Akapiga goti, akaisukuma, akagusa maji akagusa paji la uso.

"Weye uliandika nani?" mama akamuuliza, kwa furaha, kama mtu anayemuuliza mwenzake alichonunua sokoni.

"Mzee yangu."

Mama akacheka kidogo. "Mais bwana yako alikufa. Nilikuya kulia na weye. Sasa anapotea namna gani?"

Mama Ben alikuwa bado amepiga goti. Akamtazama mama, halafu maji, halafu mimi. "Mama Mugisho," akasema, "hii taa ni ya watu wamekufa. Zote. Hata sisi kule India tunafanya hivi mtoni. Mimi nilifikiria unajua."

Ngoma ilikuwa ikilia, watoto wakipiga kelele. Mama akasema, "Furaha. Rudia soma." Nikakimbia kwenye kibao, nikasoma tena, nikarudi. Lilikuwa neno lile lile, ambalo sikujua bado kwamba Waingereza humsemea pia aliyekufa. Nilisimama mbele yake, na nililoweza kumpa lilikuwa hilo tu: balipotea, mama, banasema balipotea.

Akamgeukia baba. "Ulijua?"

"Nilisoma," baba akasema.

"Na ukanyamaza."

"Nilichoka, Mama Mugisho. Nilitaka nimuage mutoto wangu. Mara moja tu."

"Unamuaga, ulimuona amelala fasi gani? Nionyeshe fasi!"

Alivua viatu. Akaingia majini na gauni lake la kanisani na kitenge juu, maji yakafika magotini, tope likawa linamvuta. Baba alimshika kitenge kwa nyuma. Hakuwa anapiga kelele, hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amenyoosha mkono tu kuelekea kati, na taa zilikuwa nyingi, zote nyeupe, zote zinafanana, na sisi kutoka pale hatukuweza tena kujua ni ipi yenye anwani yetu. Watu waliokuwa karibu walisogea kumpa nafasi. Bibi mmoja wa Kizungu aliniambia kwa upole kwamba anatupa pole kwa msiba wetu, na mama akaniuliza amesema nini. Sikumtafsiria. Lile nililiruka.

Kisha wakaja wanaume wawili katika mtumbwi mdogo wa bustani kuziokota, maana haziachwi majini usiku. Walizitoa moja moja, wakazima mshumaa kwa vidole, wakazipanga katika makreti ya plastiki. Moshi ukateremka juu ya maji mpaka tulipokuwa. Mama alikuwa amesimama ukingoni, gauni linadondosha maji, akaniambia, "Baambie batupe yetu. Baambie hajakufa."

Nikawaambia. Nilipaza sauti kuliko nilivyowahi kupaza: kwamba tafadhali, ile yenye maandishi mengi, turudishieni, kaka yangu hajakufa, kapotea tu. Nikasema "only lost". Mwanaume mmoja akainua uso, mtu mnene mwenye sura ya wema, akatazama makreti yake yaliyolowa, wino umeshachuruzika, karatasi zimegandana. "Sorry, bab," akasema. Watu wa mji ule huwaita hivyo watoto kwa kuwapenda, lakini mimi nilisikia baba, nikageuka kumtazama baba yangu, nikifikiri yeye ndiye anayeombwa aseme. Baba alikuwa ameketi kwenye nyasi, viatu vya mama mapajani mwake, anavifuta kwa leso. Tukasimama pale mpaka taa ya mwisho ikatolewa.

Tukarudi kwenye gari. Plastiki ya viti ililia chini ya gauni bichi, na Mama Ben aliendesha huku anafuta macho kwa kiganja.

Asubuhi ya Jumapili mama hakuvaa kwenda kanisani. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akitazama jiko. Baba alitokea mlangoni, amefunga tai, akasema, kwa sauti ya mtu aliyejizoeza usiku kucha, "Mama Furaha, tunachelewa."

Nilikuwa napaka mkate siagi. Lile jina nililolitaka miaka yote, lile nililolisema chini ya blanketi, limetoka mdomoni mwa baba yangu, na nilipolisikia nilitamani lirudi lilikotoka. Lilikuwa zito. Lilimaanisha kwamba mimi sasa ndiye wa kwanza, na kwamba mtu ameondolewa kitini ili niketi. Mama hakugeuka. Hakuwa amekasirika, hakuitika tu, kama mtu anavyosikia jirani akiitwa. Baba akarudia. Mama akaendelea kutazama jiko. Baba akaketi kwenye ngazi na tai yake, na sikujua nimfuate yupi, nikabaki na kisu cha siagi.

Mlango ukagongwa. "Mama Mugisho! Fungua, ni mimi."

"Eee, nakuya," mama akaitika, akasimama.

Alikuwa Mama Ben, amebeba sahani ya maandazi yake yaliyofunikwa kitambaa. Akaomba msamaha kabla hajakaa. Mama akamwekea chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza bila ukali wowote, "Mama Ben, kama njo Ben wako angepotea, ungemuweka mu mayi ya batu balikufa?"

Mama Ben alizungusha kikombe. "Mimi sina Ben," akasema.

"Namna gani?"

"Ben ni dada. Kwa Kigujarati tukimpa mtu heshima tunasema hivyo. Kokila-ben, Dada Kokila. Mimi na mzee Mungu hakutupatia mtoto."

Mama alishika shavu. "Na miaka yote nakuita Mama Ben!"

"Uliita, nikaitika. Hakuna mtu mwingine alishawahi kuniita mama ya mtu."

Kisha mama akacheka, kicheko kilichovunjika katikati kikawa kitu kingine, na Mama Ben akamshika mikono yote miwili juu ya meza. Mama akajifuta kwa pindo la kitenge, akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, Mama Ben," akasema. "Itapoa."

Baba alikuwa bado kwenye ngazi, anasikia yote. Baada ya muda akaja jikoni, akafungua kabati, akalifunga. "Mama Mugisho," akasema, "sukari iko wapi?" Sukari ilikuwa mezani mbele yake, na mwenye macho aliiona. Mama akaisogeza kidogo upande wake. Baba hakumwita tena Mama Furaha, siku ile wala zilizofuata. Matanga yake aliyaweka peke yake, ndani ya kifua chake, mpaka tulipomzika yeye mwenyewe, na sijui kama alipata kumaliza.

Kuhusu taa, mama aliizungumzia mara moja tu. Nilikuwa msichana mkubwa, na tulipewa nafasi ya kuhamia nyumba nyingine kule Castle Vale, mpya, yenye bustani nyuma na isiyovuja. Baba alikuwa ameshapakia vikombe. Mama alikataa. Tulimsihi, mchungaji akamsihi, Mama Ben akamsihi. Nikamwambia, kwa ujeuri wa umri ule, kwamba ile taa ilikuwa ya wafu, iliandikwa hivyo, na ilitupwa pamoja na takataka.

"Mayi haijue Kingereza," mama akanijibu. "Miye niliandika adresse ya hapa. Tukihama, akikuya atakuta nani?"

Basi mama yuko hapohapo mpaka leo. Na siku ya keki, nilipomaliza kugawa, nilimpelekea kipande chake. Alikuwa mlango wa mbele, ameuacha wazi, anatazama barabara upande huu na upande ule. Binti yangu alinifuata akauliza kwa Kiingereza bibi anamngoja nani. Mama alielewa. Alipokea kisahani, akanitazama.

"Kimebaki kingine?"

"Kimebaki, mama."

"Kifunike," akasema.

Nikarudi jikoni nikakifunika.